Miguu Ndani ya Maji

JUMANNE

Soma Ezekieli 34:17–19. Ikiwa kunywa maji ilikuwa haki ya kondoo hawa, kosa lao lilikuwa nini?

Mara nyingi sura hii huhubiriwa kama karipio kwa wachungaji wabaya. Lakini kuanzia fungu la 17 Bwana anawageukia kondoo wenyewe. Hawalaumiwi kwa kunywa. Wanalaumiwa kwa sababu, baada ya kushiba, waliyavuruga kwa miguu maji yaliyobaki, na wenzao wakanywa tope.

Mkazi wa Karatu hahitaji kuelezwa sana fungu hili. Vijito vyake huanzia katika msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, ambako miti hunasa ukungu na maji huzama ardhini taratibu. Huko chini Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, vitunguu humwagiliwa kwa maji ya chemchemi. Lakini pale ambapo jembe limefika ukingoni, mikuyu imekatwa na ng'ombe huingia mtoni popote, udongo huporomoka. Kijito huwa tope wakati wa masika na mchanga mtupu wakati wa kiangazi. Ndege huondoka. Akina mama nao hutembea mbali zaidi na ndoo zao. Katika Zaburi 104:10–12 hata punda-mwitu na ndege wana fungu lao katika chemchemi.

Soma Kutoka 23:10–12. Ni nani wanaonufaika shamba linapoachwa?

Maskini, kisha wanyama wa mwituni. Papo hapo, katika fungu la 12, inatajwa Sabato. Sisi tumezoea kulishika fungu hilo na kuyaruka mawili yanayolitangulia.

Kukirudishia kijito uhai huanza kwa kuacha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mifugo ikijengewa birika pembeni, nyasi na matete huanza kurudi vyenyewe. Mikaratusi haifai kupandwa kwenye chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi mno.

Hata hivyo, tuseme kweli. Mwenye ekari 20 ataachia mita 60 bila kulala njaa. Mjane ambaye kipande chake chote cha mboga kiko ukingoni ataachia chakula cha watoto wake. Watafuta Njia wetu wanaweza kupanda miche asubuhi moja na kupigwa picha; ni vema. Lakini miche hiyo itang'olewa kabla ya mvua ijayo ikiwa hakuna aliyempa mama huyo mahali pengine pa kulima.

Jadilini darasani: Katika kanisa lenu, nani analima hadi ukingoni kwa uhitaji, na nani kwa mazoea tu? Ni mshiriki yupi mwenye ardhi ya kutosha anayeweza kumwazima mwenzake sehemu msimu huu, na nani atakwenda kuzungumza naye kabla ya Sabato ijayo?