Kovu la Kufuli

Ukipitisha kidole kwenye ukingo wa birika la ubatizo la kale, katika kanisa la kijijini Uingereza, si ajabu ukagusa vitundu viwili vinavyotazamana, au mahali ambapo jiwe limemeguka vibaya. (Nasema birika, wala si lile la chai. Wanaosema kisima wako karibu zaidi na Kilatini, maana neno la asili la Kilatini, fons, ni chemchemi.) Hapo palipigiliwa vyuma vya kushikia kufuli.

Kufuli, kwa maji! Katika Zama za Kati maji ya ubatizo yakishabarikiwa hayakumwagwa. Yalikaa birikani kwa majuma mengi, na wapo waliokuwa wakinyemelea kuyachota kwa ajili ya uganga na uchawi. Agizo la mwaka 1236, lenye jina la Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, lilitaka mabirika yafungwe kwa sababu hiyo hiyo.

Namfikiria sana yule mwizi. Alihatarisha shingo yake kwa kitu ambacho mtoni kilikuwa bure. Ungemwekea kata mbili mbele yake, moja ya mtoni na moja ya birikani, asingezitofautisha kwa macho wala kwa ulimi. Padri aliamini kwamba maji yale yana kazi yake: mtoto huyu, maneno haya, basi. Mwizi aliamini kwamba yangefanya kazi popote, hata zizini kwa ng'ombe mgonjwa. Nani kati yao aliyeamini zaidi? Mimi nampa mwizi, ingawa najua padri angenikemea.

Baadaye Wapuriti, Waprotestanti wenye msimamo mkali wa Uingereza, waliona imani ya namna hiyo imepita kiasi. Mwongozo wa ibada ulioidhinishwa na Bunge mwaka 1645, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaendelea, ulikataza kubatizia pale yalipowekwa mabirika ya zamani. Ubatizo ufanyike mbele ya waumini wote, na kwa hilo beseni la kawaida lilitosha. Mabirika mengi yaling'olewa. Mengine yaliishia kunyweshea mifugo, mengine kupandwa maua bustanini.

La kanisa la Holy Trinity, mjini Stratford-upon-Avon, nalo lilitupwa nje katika karne hiyo ya 17, likawa chombo cha maji ya kawaida tu. Hatimaye likarudishwa kanisani, likiwa limevunjika, kwa heshima ambayo halikuwahi kuwa nayo lilipokuwa zima. Sababu ni mstari mmoja katika daftari la ubatizo la parokia: tarehe 26 Aprili 1564, William, mwana wa John Shakespeare. Siku aliyozaliwa haikuandikwa. Tarehe 23 inayosherehekewa ni ya kukisia. Iliyoandikwa ni siku ya maji.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Jiwe lilichongwa ili limpe hadhi kila mtoto aletwaye, wa mfinyanzi na wa mwenye shamba sawasawa. Leo ni mtoto mmoja anayelipa jiwe hadhi, na wale wengine wote waliolilia ukingoni pake hawaulizwi. Wageni husimama mbele yake, hatua chache kutoka kaburi la Shakespeare, wakiliangalia. Halina kufuli. Ndani yake hamna cha kuiba.

Watoto wa Stratford hubatizwa kwenye birika jingine, linaloshika maji.