Hodi ya Mgeni Asiyeonekana

Mtu wa kwetu hafiki nyumbani kwa mwenzake akaingia tu kama upepo. Husimama nje, akapiga hodi. Mwenye nyumba naye, hasa ikiwa ni usiku, huuliza kwanza, "Nani mwenzangu?" ndipo afungue. Wala mgeni mwema hachukizwi na swali hilo. Hujitaja, akatambuliwa, akakaribishwa. Katika desturi hiyo ndogo mna hekima kubwa: ukarimu wetu haukuwa kamwe ukarimu wa kipofu.

Leo nyumba zetu zimepata mlango mwingine, nao tunauchukua mfukoni. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na hapa Tanzania mwaka 2008, ilimwezesha mama wa kijijini kupokea msaada wa mwanawe aliye mjini kabla chai haijapoa. Neema hiyo si ndogo. Lakini mlango huo huo ndio apitao tapeli. Huwapelekea watu wengi asiowajua ujumbe mfupi: "Ile hela itume kwenye namba hii." Hataji jina, hataji deni. Wengi hudhani kwamba anategemea ujinga wetu. Kwa hakika anategemea utu wetu. Ajua kwamba miongoni mwa watu hao hakosi mmoja anayedaiwa kodi ya nyumba, au aliyeahidi mchango wa harusi, au anayemsomesha mtoto wa ndugu yake. Ujumbe huo ungekuwa maneno matupu katika jamii ya watu wasiosaidiana.

Basi yafaa tujiulize: mtu akidanganywa kwa sababu ya wema wake, aibu ni ya nani?

Swali hilo lilitufika mlangoni. Katika chama chetu cha kuzikana, mama mmoja mtunza hazina alipokea ujumbe wa namna hiyo siku ileile aliyokuwa akingoja namba ya mfiwa ili atume rambirambi. Akatuma fedha zote. Alipong'amua kosa lake, alinyamaza siku tatu kwa haya. Katika siku hizo tatu, wanachama wengine wawili walipata ujumbe uleule, nao wakatuma. Mkutano ulipoitishwa, sisi tulikuwa miongoni mwa waliosema kwa ukali kwamba alipe yote peke yake. Lakini tuliposema hayo tulificha jambo moja: ujumbe ule ulikuwa umetufikia sisi pia, wakati tukidaiwa na rafiki, na namba tulikwisha kuiandika. Salio ndilo lililopungua. Kilichotuokoa hakikuwa busara, bali ufukara.

Mzee mmoja aliinuka akauliza, "Kama angalisema siku ile ya kwanza, tungalimshukuru au tungalimcheka?" Hakuna aliyejibu, kwa kuwa jibu tulilijua. Hapo ndipo nasi tulipopata moyo wa kuungama yetu, na chama kikakubali hasara ibebwe na wote. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini nani humfundisha mgonjwa kuficha, ila wale wanaomcheka? Kicheko chetu ni mtumishi wa tapeli asiyelipwa ujira.

Hila hii si ya kwetu peke yetu, wala haikuanza na simu. Mwezi Mei mwaka 2000, barua yenye kichwa cha maneno ya mapenzi ilianzia Ufilipino na kuenea katika mamilioni ya kompyuta duniani. Ndani yake mlikuwa na kirusi, yaani programu ya uharibifu, kilichoharibu mafaili na kujituma chenyewe kwa watu wote waliomo katika orodha ya anwani za mpokeaji. Watu waliifungua kwa kuwa jina la mtumaji lilikuwa la mtu wanayemjua. Mtuhumiwa hakuhukumiwa, maana Ufilipino wakati huo haikuwa na sheria ya kosa hilo. Ilitunga sheria mwezi Juni, maji yalipokwisha kumwagika. Sisi tulitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Twajifunza kwamba hila hupiga hodi kwa sauti ya mpendwa, na kwamba sheria hufika baada ya hila. Kabla haijafika, mlinzi ni desturi.

Desturi gani? Si kuacha kuaminiana. Taifa ambalo kila mtu humwona mwenzake mwizi litakuwa limeibiwa zaidi ya fedha. Desturi ni ileile ya mlangoni. Ujumbe wa kudai fedha ukija, tumpigie mhusika kwa namba tuliyokuwa nayo tangu zamani. Na kwa kuwa siku hizi mashine huweza kuiga hata sauti ya mtu, tumwulize jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Namba ya siri tusimpe yeyote, hata ajitambulishe kuwa mtumishi wa kampuni ya simu. Tusifungue kiungo tusichokitarajia, wala tusipakue programu mahali tusipopajua. Simu na kompyuta zetu tuzisasishe, maana kusasisha huziba nyufa wapitamo virusi. Namba ya tapeli tuipeleke kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa kazi hiyo.

Ndugu walimu, mwanafunzi akisema darasani kwamba ametapeliwa, msiwaache wenzake wamcheke. Anayechekwa leo atanyamaza kesho. Nanyi vijana, mnaovijua vyombo hivi kuliko wazee wenu, wafundisheni pasipo kebehi. Wala msikubali kusajili laini ya simu kwa alama za vidole vyenu ili atumie mtu mwingine, kwani huko ni kumwazima mwizi uso wako.

Mama yule angali mtunza hazina wetu. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, hupiga simu kwanza, akauliza, "Nani mwenzangu?" Nasi tunaoulizwa hatuoni kwamba tumedharauliwa. Twajua kwamba mlango una mwenyewe, na kwamba hajalala.