Mandari ya Nani?

Ndugu msomaji, kaskazi inapovuma na skuli zikafungwa, nyumba nyingi za pwani huingiwa na swali moja ambalo halitoki mpaka lijibiwe: "Baba, tutakwenda lini?" Zamani jibu lilikuwa jepesi. Mandari ilikuwa ni ufukweni au shambani kwa jamaa, na wali wa nazi ndani ya sufuria iliyofungwa kitambaa. Siku hizi watoto wanataka bustani za maji, mahali penye mabwawa na mifereji mirefu ya kuteleza, kama zile zilizojengwa Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam, na Nyali, Mombasa. Mtindo huu umetoka mbali. Mojawapo ya bustani za mwanzo za namna hii ilifunguliwa Orlando, Marekani, mwaka 1977. Leo mtoto wa Mvita au wa Kariakoo anaijua kama anavyoujua mchezo wa gololi.

Huenda msomaji akauliza: je, mandari nayo ni jambo la kuandikiwa makala ya maadili? Twajibu kwamba ni jambo hasa. Siku ya msiba kila mtu anajua la kufanya, kwani ada na sheria zimekwisha kutupangia. Siku ya furaha kila mtu huachiwa moyo wake, na hapo ndipo huonekana ni nani anayekumbukwa na nani anayesahauliwa.

Kwanza tuliondoe shaka la wale wasemao kwamba kutembea na kucheza ni upuzi. Sivyo. Mtume wetu (s.a.w.) alimwachia Bibi Aisha (r.a.) asimame nyuma yake kuwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki yao siku ya Idi, wala hakumharakisha mpaka alipotosheka mwenyewe. Imepokewa pia kwamba walipata kushindana mbio, yeye na mkewe. Basi furaha ya nyumbani ina mahali pake. Swali letu leo si kama yafaa kwenda mandari. Swali letu ni hili: hiyo mandari ni ya nani?

Niruhusu, msomaji, nikusimulie kosa langu mwenyewe, kwani aliyechomwa ndiye ajuaye moto.

Mwaka mmoja, mwezi wa Desemba, niliamua kuwapeleka watu wa nyumbani kwangu kwenye mahali pa michezo ya maji. Nilipanga kwa muda wa wiki tatu. Nilijua nauli, nilijua kiingilio cha mkubwa na cha mdogo, nilijua bei ya soda. Fedha nilizihesabu mara tatu usiku wa kuamkia safari. Mke wangu hakulala. Alikaanga sambusa na kuoka mikate ya mofa mpaka karibu na alfajiri. Tulipofika mlangoni tukaambiwa chakula cha nje hakiingii. Sikuwa nimeuliza. Sambusa zikabaki garini, nami nikaingia na hasira.

Binti yangu mkubwa, wa miaka kumi na mitatu, nilimwambia akae kivulini alinde viatu na mikoba. Nilimwambia asiingie majini. Sikumtafutia vazi la stara la kuogelea, na njia iliyokuwa nyepesi kwangu ilikuwa kumwambia akae. Alikaa. Mdogo wake wa miaka sita alikuwa akicheza katika bwawa la watoto, hatua chache mbele yake. Mimi nilikwenda kubishana na mtu wa jikoni juu ya bei ya chipsi, nikijua kwamba mama yake anamtazama. Mama yake alikwenda kutawadha, akijua kwamba mimi ninamtazama.

Mtoto aliteleza akazama. Hakupiga kelele. Aliyemtoa ni mama mmoja tusiyemjua, aliyerukia majini na buibui lake. Alhamdulillahi mtoto alitapika maji, akalia, na leo ni mzima. Lakini maji yale hayakumfika binti yangu hata kifuani. Angeweza kuingia kwa miguu yake akamnyanyua nduguye. Usiku, nyumbani, nilimwuliza kwa ukali: "Kwa nini hukumtoa?" Akaniangalia, akasema: "Baba, si uliniambia nisiingie majini?"

Nilinyamaza. Ni jibu gani ningempa? Alikuwa ametii. Kosa lilikuwa katika amri, wala si katika utii. Hapo nilitambua kwamba nilihesabu noti mara tatu, na watu sikuwahesabu hata mara moja.

Basi, ndugu msomaji, kwa kosa lile nimejifunza kwamba mandari ina hesabu tatu.

Ya kwanza ni hesabu ya fedha, na hii wengi twaijua, ila huwa hatuimalizi. Uliza mapema: kiingilio ni kiasi gani, je chakula cha nje chakubaliwa, je kuna vazi linalotakiwa, je pana pa kusalia Adhuhuri na Alasiri. Ukiona hesabu inakupeleka kukopa, acha. Deni la matibabu lina udhuru. Deni la kuteleza kwenye mfereji halina. Bahari yetu haina mlango wala karani wa tiketi, na watoto watafurahi huko pia, mradi wewe ujue kujaa na kupwa kwake. Wakati wa bamvua maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi, na fungu ulilolikuta kavu asubuhi laweza kuzungukwa na maji adhuhuri.

Hesabu ya pili ni hesabu ya watu. Kaa chini uandike majina ya wote walio chini ya dari yako, kisha mbele ya kila jina uandike: huyu atafurahi wapi? Bibi mzee, je, kuna kiti na kivuli, au atabaki nyumbani na redio kama kawaida? Binti anayetusaidia kazi, je, anakwenda naye apumzike, au anakwenda kubeba mtoto mgongoni chini ya jua? Mkeo, je, siku hiyo ni ya mapumziko kwake, au ni jiko lile lile lililohamishwa mahali? Ukiona mbele ya jina fulani hukuandika ila kazi, jua kwamba mtu huyo hukumwalika. Umemwajiri bila ujira.

Na mabinti zetu, msomaji, hao ndio tunaowasahau zaidi, tena kwa jina la heshima. Twasema stara, na stara ni wajibu, hakuna abishaye. Lakini stara ni kumtafutia njia, si kumfungia njia. Vazi la kuogelea linalofunika mwili na kichwa lipo. Mwanamke mmoja Mwislamu wa Australia, Aheda Zanetti, alilibuni lake mwaka 2004, na tangu hapo mitindo imekuwa mingi. Mafundi wetu wa cherehani nao hawashindwi kushona la namna hiyo. Waweza pia kuuliza kama mahali hapo pana siku au saa za wanawake peke yao, au akina mama wa mtaa wakakusanyika wakaomba wapewe. Huko Nungwi, kaskazini ya Unguja, mradi uitwao Panje ulianza mwaka 2011 kuwafundisha watoto kuogelea, na wasichana wakajifunza wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima. Baadhi yao wakawa walimu wa wenzao. Dini yao haikupungua kitu.

Nasi ni watu wa visiwa na bandari. Vivuko na mashua ndizo barabara zetu. Hakuna aliyesahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba na familia nzima nzima. Sisemi kwamba kila ajuaye kuogelea huokoka. Ajali ya usiku katika mkondo haina mwenye ujuzi. Nasema kwamba si haki, katika watu waliozungukwa na maji, nusu ya watoto wafundishwe maji na nusu wafundishwe kulinda viatu.

Hesabu ya tatu ni hesabu ya vichwa, papo hapo majini, na hii haina likizo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao ni watoto wasiofika miaka mitano. Wengi hudhani kwamba anayezama hupiga mayowe na kurusha mikono. La! Mara nyingi huzama kimya, kwa kuwa kinywa kiko majini na pumzi ya kuita haipo. Mtoto mdogo hahitaji kina kirefu. Maji ya beseni yamtosha. Boya la kuvaa si mlezi, laweza kuvuka au kutoboka. Mlinzi aliyewekwa na wenye mahali ana watoto mia wa kuwatazama. Wewe una wako watatu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Agaweni zamu kwa majina, kwa maneno yanayosikika: "Mama Fulani, sasa ni zamu yako," naye ajibu, "Nimepokea." Mwenye zamu hasomi, hali, hazungumzi na simu, wala haondoki mpaka mwingine amesema amepokea. Awe karibu na mdogo kiasi cha kumfikia kwa mkono. Maana maji hayasubiri watu wawili waulizane ni nani aliyekuwa akitazama.

Tumefundishwa kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya wale aliowachunga. Wengi wetu tukisikia hivyo hufikiria swala, chakula na ada ya skuli. Ni mara chache tunapofikiria kwamba tutaulizwa pia juu ya siku zetu za furaha: tulimchukua nani, tulimwacha nani, na tulimketisha nani kando ya maji na mikoba ya wenziwe.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena. Sambusa zilinunuliwa mtaani, kwa hiyo mama alilala usiku ule. Kijakazi wetu wa watu, Mungu amlipe, alikwenda kama mgeni wetu, na kazi ya kubeba mikoba nikaishika mimi. Binti yangu alivaa vazi aliloshonewa na shangazi yake, naye alikuwa amekwisha kujifunza kuelea kwa shangazi huyo huyo, katika maji mafu ya asubuhi, mbali na macho ya watu. Nilikaa kivulini, nikilinda viatu vya watu wanane. Nilivihesabu. Kisha nikahesabu vichwa, nikarudia kuhesabu, mpaka jua lilipopungua tukarudi nyumbani.

Basi nawe, ndugu msomaji, kabla hujahesabu fedha za mandari ijayo, chukua karatasi uandike majina kwanza. Ukisha, mpe karatasi hiyo binti yako aisome, kisha umwulize: "Je, nimemsahau nani?"

Wabillahi tawfiiq.