Sikio la Kuku na Sikio la Mzee Wetu



Katika makanisa yetu ya Karatu na Ngorongoro wapo wazee wanaoketi benchi la mbele, si kwa kupenda ukubwa, bali kwa sababu hawasikii vizuri. Wenzao wakicheka nao hucheka, wakisimama nao husimama. Baada ya ibada twawaamkia, nao wakijibu lisilohusika twatabasamu, twapita. Mwezi huu twapenda tulifikiri jambo hili pamoja, maana limo swali ndani yake: mtu aliyepoteza kusikia anatudai nini?

Kwanza tulielewe sikio lenyewe. Ndani kabisa, nyuma ya ngoma ya sikio, kuna kijumba kidogo kilichojiviringa kama konokono. Humo mna seli zipatazo 15,000 katika kila sikio, zenye vinyweleo vidogo mno. Sauti ikiingia, maji ya humo hutikisika, vinyweleo huinama kama ngano ya shambani inavyoinama kwa upepo, na habari hupelekwa kwa mshipa wa fahamu hadi ubongoni. Akiba hiyo mtu huzaliwa nayo, na zikifa hazioti nyingine. Uzee huziua, kelele huziua, homa ya uti wa mgongo huziua, na ziko dawa ambazo huziua pia.

Hapo ndipo penye ugumu. Mwaka 1977 nchi yetu ilianza Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ambao kwa msaada wa Daktari Karel Styblo ulikuja kuwa mfano kwa nchi nyingine. Miongoni mwa dawa zilizotumika ilikuwa sindano ya streptomisini. Dawa hiyo imeokoa watu wengi sana duniani, lakini yaweza kuharibu seli za sikio la ndani, hata mtu akapona mapafu na kubaki na kizunguzungu, mvumo, au uziwi. Tena kifua kikuu sugu kilipoanza kutibiwa katika hospitali ya Kibong'oto mwaka 2009, sindano za jamii hiyo zilitumika. Mwaka 2018 ndipo Shirika la Afya Duniani liliposhauri kwamba kanamisini iachwe, na dawa za kumeza zitangulizwe.

Je, waganga walikosa? Hatusemi hivyo. Anayezama mtoni huvutwa, hata kama mkono wake utateguka. Kosa huanza pale mgonjwa asipoambiwa hatari iliyopo. Nalo huzidi pale majirani tunaposahau jambo moja. Mtu aliyemaliza sindano zake hakujiponya nafsi yake tu. Alizuia ugonjwa usiingie nyumbani mwetu na mapafuni mwa watoto wetu. Faida tuliigawana sote, lakini malipo aliyatoa peke yake. Basi tunapompa nafasi ya kusikilizwa hatumpi sadaka, twalipa deni.

Wengine watasema, "Sayansi itamponya." Nasi hatudharau tumaini hilo. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba vifaranga vya kuku, na kware pia, wakiharibiwa seli hizo kwa kelele kubwa, huotesha nyingine. Seli za jirani, ambazo kazi yake ni kuzishikilia zile zenye vinyweleo, hujigawa na kushika nafasi ya zilizokufa. Basi kuku anayeparura uani kwetu amepewa uwezo ambao sisi hatuna! Sikioni mwetu mwanadamu majirani hao wamo pia, ila hawaamki. Tangu hapo wataalamu wanatafuta namna ya kuwaamsha.

Wengine hutafuta kwa njia ya seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijafungwa na kazi moja. Mwaka 2012 wataalamu wa Sheffield, Uingereza, walitumia seli zilizotoka katika kiinitete cha binadamu, wakarudisha sehemu ya usikivu wa wanyama wadogo wa jamii ya panya waliokuwa wameharibiwa mshipa wa kusikia. Hapa dhamiri ya Mkristo haina budi kusimama. Kiinitete ni mwanzo wa mtu, na hatuwezi kukifanya ghala la vipuri. Lakini mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani aligeuza seli za kawaida za panya zikawa changa tena, na mwaka uliofuata zikageuzwa hata za ngozi ya binadamu. Basi ikiwa njia ya pili ipo, twaona ni wajibu kuifuata hiyo, hata ikiwa ndefu zaidi.

Hata hivyo njia yenyewe bado ni ndefu. Mwaka 2023 dawa moja ya Marekani iliyokusudiwa kuziamsha seli hizo ilijaribiwa kwa watu, isionyeshe faida. Vipo vifaa vya kupandikiza, na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuvipandikiza mwaka 2017, lakini gharama yake ni kubwa na si kila uziwi unavihitaji. Tukisema "tungoje dawa," mzee wetu atakufa akingoja, nasi tutakuwa tumeifanya sayansi ya kesho kuwa udhuru wa uvivu wa leo.

Turudi katika Injili ya Marko, sura ya saba. Bwana alipoletewa kiziwi, kabla hajamfungua masikio alimpeleka kando ya watu, akamgusa masikio, akamgusa ulimi. Yaani alisema naye kwanza kwa mikono, lugha ambayo mtu yule aliweza kuifahamu. Uponyaji ulifuata baadaye. Kuponya hatuwezi, lakini kutangulia kwa namna ile twaweza.

Basi tuanze na haya. Tusemapo na asiyesikia, tumtazame usoni, mahali penye mwanga, bila kupiga kelele. Namba za nyimbo ziandikwe ubaoni. Vijana wawili watatu wajifunze lugha ya alama. Na vipaza sauti vyetu vipunguzwe, maana itakuwa aibu kumwombea kiziwi ndani ya nyumba ile ile inayotengeneza viziwi wengine.

Na Jumapili ijayo, mzee akijibu lisilohusika, tusipite. Tuketi karibu naye, tumwulize tena.