Sitara ya Maiti

Bibi yangu aliosha maiti wa kike wa mtaa wetu, Ngamiani, Tanga, tangu kabla sijazaliwa. Hakulipwa. Mtoto akija mbio mlangoni kusema fulani ametutoka, Bibi aliacha alilokuwa akilifanya, hata kama ni unga mikononi, akachukua kikapu chake: majani makavu ya mkunazi, karafuu maiti, pamba, mkasi, na kanga mbili kuukuu zilizofuliwa hadi zikawa laini. Nilipotimiza miaka 16 aliniambia nibebe ndoo.

Somo la kwanza lilikuwa la kanga. Marehemu kalazwa kitandani, ufuo umechimbwa chini yake, kanga imemfunika kifuani hadi magotini. Bibi hakuifunua. Aliiinua kwa mkono wa kushoto kiasi cha mkono wa kulia kupita, akaosha kwa kugusa, macho yake yakiwa pembeni, nami nikimimina maji juu ya kanga. Siku ile niliona kitu mwilini mwa marehemu. Bibi aliniona nikikiona. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alisema, bila kugeuka, "Ulichokiona tumekizika naye." Miaka imepita mingi, na hapa napo sitakiandika.

Leo naishi Dar es Salaam, na kazi yangu ni kuandika programu zinazochambua picha za hospitali. Kutwa nzima nafunua. Skani ya CT ni mwili uliokatwa vipande vyembamba bila kisu, na kila nukta ya kila kipande ina namba yake: maji ni 0, hewa ni -1000, mfupa hupanda mamia kadhaa na kuzidi. Kipimo hicho kinaitwa kwa jina la Hounsfield, yule mhandisi ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Ukiiamuru kompyuta iache kila kilicho chini ya 300, nyama inatoweka na mifupa inabaki imesimama. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilipiga kelele ya furaha. Ya pili nilikumbuka kanga.

Wengi wetu katika fani hii tumejifunzia kwa mtu mmoja. Alikuwa na miaka 39. Aliua, akahukumiwa, naye akauawa kwa sindano ya sumu Texas, Agosti 1993. Kabla ya siku hiyo alikubali mwili wake utolewe kwa sayansi. Ukapelekwa Colorado, ukapigwa picha kwa CT na MRI, ukagandishwa, kisha ukaanza kuparuzwa kwa mashine, milimita moja kwa milimita moja. Tabaka likishapigwa picha husagwa, na la chini yake hujitokeza. Picha 1,871. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilizitoa mwaka 1994. Mwaka uliofuata zikaja za mwanamke wa Maryland, miaka 59, aliyekatwa kwa unene wa theluthi moja ya milimita, picha zaidi ya 5,000.

Picha zilikuwa nyingi kuliko zana za kuzichambulia. Ndipo mwaka 1999 maktaba hiyohiyo ikagharimia programu huria iitwayo ITK, inayoweza kutenganisha ini na figo, au kulinganisha skani ya mwaka jana na ya leo hadi zilaliane sawasawa. Waandishi wake walitawanyika katika vyuo na kampuni mbalimbali, hawawezi kukaa chumba kimoja, kwa hiyo wakashika nidhamu ambayo mimi naipenda hadi leo. Kila usiku kompyuta nyingi huuvuta msimbo wote upya, huujenga kuanzia mwanzo, na kuendesha majaribio. Picha inayotoka inalinganishwa, nukta kwa nukta, na picha ya rejea iliyokubaliwa kuwa sahihi. Asubuhi ubao unaonyesha matokeo: kijani kimepita, nyekundu kimeanguka. Huulizwi nia yako. Huulizwi cheo chako. Kikundi chetu kidogo kinafanya kazi kwa utaratibu huohuo, na ninaposikia vijana wakisema majaribio ni kupoteza muda nasikitika kweli, kwa sababu hitilafu ya programu yetu haiishii kwenye skrini, inaishia kwenye pafu la mtu.

Nilimweleza Bibi habari za yule mtu wa Texas likizo moja, tumekaa barazani. Nilidhani atauliza kuhusu mauaji. Aliuliza, "Nani alimfunika?"

Nikamwambia hakufunikwa. Picha zake ziko wazi kwa dunia nzima. Tunajua jino alilokosa, tunajua kidole tumbo chake kilishatolewa, tunajua na mengine ambayo mke hawezi kuyasimulia kwa shoga yake. Na jina lake je? Waliozitoa picha hawakulitaja, ila waandishi wa habari walilipata upesi, maana wangapi wa umri ule waliuawa kwa sindano Texas siku zile? Jina linapatikana kwa anayelitaka. Mimi siliandiki.

"Na yule mwanamke?"

Jina lake halikutangazwa.

Bibi akanyamaza kidogo, akasema, "Basi yeye kapata kanga moja."

Nimelifikiria jibu hilo miaka. Kuna wanaosema: alikubali, mjadala umekwisha. Mimi siamini umekwisha. Hiari ya mtu aliye kwenye chumba cha kungojea kifo ni hiari iliyobanwa pande zote. Na mwaka 1993 mfungwa yule angewezaje kuwaza kwamba msichana wa Tanga angekuja kuzizungusha mbavu zake kwa kidole, akila mihogo? Alitoa mwili kwa sayansi kama mtu atoavyo ardhi kwa msikiti, halafu pakajengwa mji.

Wapo pia wanaosema alikuwa muuaji, hana heshima ya kuvunjiwa. Hili nalikataa moja kwa moja. Bibi aliosha wanawake aliokuwa hasemi nao walipokuwa hai. Aliwaosha mara tatu kama wengine, na maji ya mwisho yakatiwa karafuu maiti kama ya wengine. Hukumu ya mtu ina mwenyewe, wala haishikwi na mwenye kata ya maji.

Hata hivyo sikufuta picha zake, wala sioni kuwa zingefutwa. Wanazuoni wa fikihi wana kanuni ya dharura: lililokatazwa huweza kuruhusiwa kwa kuokoa uhai, na wengi wao wameruhusu uchunguzi wa maiti kwa njia hiyo. Lakini kanuni ina nusu ya pili ambayo watu hupenda kuisahau, kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Inapofikia, ndipo inapokoma. Ndicho alichokifanya Bibi kwa mkono wa kushoto. Hakukataa kumgusa marehemu, maana asipomgusa hataoshwa. Aliinua kanga kiasi cha mkono kupita.

Niliuelewa uzito wa kiasi hicho kwa kosa langu mwenyewe. Hospitali moja ilitupa maelfu ya picha za altrasaundi za wajawazito, na kazi yangu ilikuwa kuzisafisha zisibaki na kitambulisho kabla wenzangu hawajazigusa. Faili la picha ya hospitali, lile la DICOM, hubeba maelezo pamoja na picha: mahali pa namba 0010,0010 pana jina la mgonjwa, 0010,0030 pana tarehe ya kuzaliwa. Niliandika jaribio kwanza, kama tulivyofundishwa: likikuta jina, lianguke. Kisha nikaandika msimbo wa kufuta. Ubao ukawa kijani, ukabaki kijani miezi mitatu.

Siku moja nilikuwa natafuta hitilafu nyingine kabisa nikafungua picha moja. Kwenye pembe ya juu, kwa herufi nyeupe, limeandikwa jina. Mashine ya altrasaundi ilikuwa imelichapa ndani ya picha yenyewe, nukta zake zimechanganyika na nukta za mtoto aliye tumboni. Jaribio langu halikuwa limedanganya. Lilijibu swali nililoliuliza, nami niliuliza swali la karani: je, sehemu ya jina iko tupu? Lilikuwa jina la kwetu, la pwani, na ubini wake. Nilihisi kama nimeingia chumba cha kuoshea nikakuta mlango wa uani uko wazi na watu wanapita.

Tulizikusanya nakala zote, kwenye seva na kwenye kompyuta mbili za wenzangu, tukazifuta. Nikaandika jaribio jipya linalotafuta maandishi ndani ya picha, likaanguka mara mia kadhaa usiku wa kwanza, nami nikashukuru kila nyekundu.

Na jina si mwisho. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichukua picha za MRI za vichwa vya watu 84, wakajenga nyuso kutokana nazo, na programu ya kutambua sura ikawapata 70 kwenye picha zao za kawaida. Hakuna jina lililokuwamo. Mwili wenyewe ulijitaja. Ndiyo maana sasa tunafuta na uso: pua, midomo, makope, tukibakiza ubongo tunaouhitaji. Kila tukifuta zaidi, picha hupungua faida, na daktari wa macho hana haja na kichwa kisicho na macho. Hapo hakuna fomula. Lazima mtu aamue kanga ipande mpaka wapi, kwa kazi hii, kwa mgonjwa huyu, na kesho aamue tena. Ndiyo maana nimeacha kuamini kwamba picha ikishaondolewa jina imekwisha kusitiriwa. Kuondoa jina ni jambo la mara moja. Sitara ni kazi ya mkono, na kila mkono unaopita unaianza upya.

Bibi alifariki mwezi wa Mfungo Tatu. Mama hakuweza, akakaa nje. Niliingia mimi na shangazi wawili. Kanga nilizozitumia ni zile za kikapuni. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, lakini ulijua kimo. Shangazi alimimina maji.

Baada ya hitima nilirudi Dar es Salaam. Asubuhi ya Jumatatu ubao ulikuwa na mstari mmoja mwekundu. Mashine mpya ya eksirei, wilaya fulani, ilikuwa ikiyachapa majina chini, ukingoni kabisa, mahali ambapo jaribio langu lilikuwa limefika juzijuzi tu. Nililifungua faili hilo peke yake. Nikalisoma jina mara moja, kwa kuwa ilinibidi, nikaanza kazi.