Huruma Mbili kwa Aliyevunjika Mgongo

Huruma ni sifa njema, na mtu asiyekuwa nayo huhesabiwa maskini hata akiwa na mali. Lakini yafaa kuulizwa kama huruma peke yake yatosha kumwokoa anayehurumiwa. Jibu la swali hili laweza kutafutwa chini ya mbuyu, katika nchi kavu ya Ugogo.

Kiangazi kikifika, mibuyu ya Bahi na Chamwino hupukutisha majani, matunda yakabaki yakining'inia matawini. Mtu hukwea kutafuta ubuyu wa kuuza, au asali ya mzinga. Mguu ukiteleza, yuko chini. Kilio hupigwa na majirani hukimbia. Mmoja humshika mikono, mwingine miguu, wa tatu humketisha, kwa kuwa kuketi huonekana dalili ya uzima. Kisha hupakiwa juu ya pikipiki, katikati ya watu wawili. Hapana hata mmoja aliyemtakia mabaya.

Lakini mgongo hautazami nia. Ni safu ya pingili, na ndani yake hupita uboho mwororo unaochukua amri za ubongo kwenda viungoni na kurudisha habari za maumivu, joto na baridi. Pingili yaweza kuvunjika na uboho usikatike. Kisha mvuto mmoja wa mkono wenye huruma ukatimiza kilichosazwa na anguko. Uboho ukiharibika shingoni, mikono na miguu hupooza pamoja. Ukiharibika chini ya hapo, mikono yaweza kusalimika na miguu ikapotea. Basi aliyeanguka na aachwe alivyolala, isipokuwa anakabiliwa na hatari kama moto, au pumzi yake imezibwa. Kichwa chake kishikwe kisitikisike. Ikibidi kuchukuliwa, watu kadhaa wamwinue kwa pamoja, kama gogo moja, wamlaze juu ya ubao au mlango uliong'olewa. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu lazima aulizwe kwanza kama anaihisi miguu yake.

Je, majirani wana hatia? Asiyejua hawezi kushtakiwa kwa kukusudia. Lakini ujinga uwezao kuondolewa kwa somo la saa moja, nao ukaachwa, ni deni. Na mdaiwa mkubwa si mkulima aliyekimbia kusaidia, bali kila mwenye elimu aliyeifungia elimu yake chumbani.

Huruma ya pili huanza baada ya hospitali. Dodoma ina Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015, na elimu ya upasuaji yaweza kuifunga mifupa kwa vyuma na kuuondolea uboho mgandamizo. Lakini uboho uliokatika hakuna kisu kinachouunga hata leo. Mganga wa Misri ya kale, ambaye maandishi yake yamehifadhiwa katika nakala yenye umri wa miaka zaidi ya 3,500, alimweleza vizuri mtu aliyeteguka shingo na kupooza, kisha akaamua kwamba maradhi hayo hayatibiwi. Dunia ilikubaliana naye kwa muda mrefu mno. Mwaka 1944, huko Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alikataa. Aliona kwamba wengi hawauawi na mgongo wenyewe, bali na vidonda vya kulala upande mmoja na uchafu wa kibofu. Dawa yake haikuwa na fahari: mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kibofu kitunzwe, apewe kazi na michezo. Mwaka 1948 wagonjwa wake walishindana kwa mishale wakiwa katika viti vya magurudumu, na shindano hilo likazaa Michezo ya Paralimpiki.

Hapo jibu hupatikana. Huruma ya saa ya kwanza adui yake ni haraka; huruma ya miaka mingi adui yake ni uchovu. Majirani waliofika mbio chini ya mbuyu hawaonekani mwezi wa kumi, na mama au mke hubaki peke yake kumgeuza mgonjwa usiku. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imempa aliyepooza haki, lakini sheria haishiki zamu kitandani. Kijiji kilichoweza kukusanya watu wa kumwinua kwa dakika moja hakiwezi kushindwa kupata watu wa kumgeuza kwa zamu, kumtengenezea njia ya kiti chake, na kumuuliza, kama ilivyompasa kuulizwa siku ya kwanza, anahitaji nini.