Ayubu Aliamka Alfajiri

Maandiko ya kusoma nyumbani: Ayubu 1:1–5 na 18–22, Luka 13:1–5, Mathayo 5:23–24

 

Jumapili iliyopita wengi wenu mlifika ibadani mkiwa na matope mpaka magotini, na wengine hamkufika kabisa kwa sababu njia ilikuwa haipitiki. Sio lawama. Novemba ya Kakamega tunaijua. Asubuhi jua linawaka vizuri, unaanika maharagwe na nguo za watoto. Ikifika saa nane mchana, mawingu meusi yanajikusanya upande wa Nandi, upepo unageuka, na kabla hujaanua maharagwe, mvua ya mawe inapiga mabati mpaka mtu na mke wake hawasikizani ndani ya nyumba moja.

Na ni Novemba hii hii tunaanza kuhesabu siku. Watoto wamefunga shule. Ikipita Jamhuri, tarehe 12 Desemba, magari yataanza kutoka Nairobi, Nakuru na Mombasa yakiwa yamejaa, na nauli imepanda. Kila boma, kutoka Malava mpaka Khwisero, litakuwa na watu, na kuku wengi hawatauona mwaka mpya. Amina? Basi kabla hawajafika, tufungue Ayubu sura ya kwanza.

Watu wengi wakisikia jina Ayubu wanakumbuka vidonda na majivu. Leo nataka tuangalie karamu. Ayubu alikuwa na watoto 10: wana 7 na mabinti 3. Wale wana walikuwa na desturi ya kuandaliana karamu kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na dada zao hawakusahauliwa. Hapo tusimame kidogo. Wana saba wa tajiri, kila mmoja na nyumba yake, na bado wanakula pamoja! Kwetu kuna maboma yenye wana wawili tu, mpaka wanaogombania ni hatua mbili, na hakuna anayekanyaga kwa mwenzake.

Zamu za karamu zikiisha, Ayubu anawaita watoto na kuwatakasa. Kisha anaamka alfajiri na kutoa sadaka ya kuteketezwa kwa hesabu yao wote. Angalia neno hilo, hesabu. Hakusema “Bwana bariki watoto wangu, amina,” halafu akajifunika blanketi. Aliwaleta mbele za Mungu mmoja mmoja, maana aliogopa huenda kuna aliyekosa moyoni, mahali ambapo jicho la baba halifiki. Na hakufanya hivyo siku ya sikukuu tu. Ilikuwa kawaida yake.

Sasa ruka mpaka mstari wa 18. Watoto wako kwa kaka yao mkubwa, wanakula na kunywa. Upepo mkubwa unatoka upande wa jangwa, unapiga pembe nne za nyumba, na nyumba inawaangukia. Karamu na dhoruba, siku moja, chini ya paa moja.

Najua kuna mtu anauliza moyoni: kama ni hivyo, yale maombi ya alfajiri yalisaidia nini? Mpendwa, sitakudanganya. Maombi ya Ayubu hayakuuzuia ule upepo. Lakini ulipokuja, hapakuwa na mtoto hata mmoja ambaye alikuwa hajaombewa. Hapakuwa na neno ambalo Ayubu alikuwa analiahirisha mpaka mwaka ujao. Alirarua vazi lake, akalia kama baba, akaanguka chini akaabudu. Alikuwa na huzuni kubwa, lakini hakuwa na deni. Hilo ndilo ninataka uende nalo nyumbani leo: hatuwezi kuchagua siku ya upepo, lakini tunaweza kulipa deni la upendo kabla haujavuma.

Kuna jambo lazima niliseme hapa bila kuzunguka. Eneo letu ni la radi. Wazazi wetu waliliona hilo, na sisi tunaliona. Radi ikipiga ng'ombe au, Mungu atuhurumie, ikipiga mtu, hata kabla ya mazishi utasikia minong'ono: “Kuna mtu ametuma.” Halafu macho yote yanamgeukia mama fulani mzee, mjane, asiye na mtoto wa kumtetea. Watu wa Mungu, hapana! Biblia inasema Ayubu alikuwa mtu mkamilifu, na upepo ulimfikia. Yesu aliulizwa maswali ya aina hiyo, naye akawakumbusha wale watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Je, walikuwa wenye dhambi kuliko wengine wa Yerusalemu? Akajibu, la. Badala ya kuwanyoshea kidole, akawaambia waliokuwa wanamsikiliza watubu wao wenyewe. Mtu aliyeokoka hatafuti mchawi baada ya radi. Anaenda kwa waliofiwa na unga, sukari na bega la kulilia, kisha anarudi kwake kuangalia moyo wake.

Na imani haikatazi msumari. Kama bati limelegea, ligongelee wiki hii. Kama tawi la mti limelala juu ya nyumba, likate. Zibua mtaro wa maji. Ngurumo ikisikika, watoto waingie ndani. Usijikinge chini ya mti, na ule waya wa televisheni uchomoe. Kufanya hivyo si kukosa imani. Nuhu aliamini, na bado alipaka safina lami.

Sasa niwape ushuhuda wangu, ingawa haunipendezi.

Miaka kadhaa iliyopita, mimi na ndugu yangu mdogo tulikosana juu ya mpaka wa shamba la marehemu baba. Krismasi mbili zilipita hatuongei. Mimi, mchungaji wenu, nikihubiri msamaha hapa madhabahuni, nilikuwa nikienda kumwona mama napitia njia ya nyuma, kwenye migomba, ili nisipite kwenye geti la ndugu yangu. Mama alijua. Hakuniuliza kitu. Alikuwa ananiandalia chai tu, akiangalia ile njia ya migomba.

Basi Novemba moja, siku ya Jumatano, mvua ya mawe ilikuja na upepo ukang'oa mabati ya jiko la mama. Nilipopata habari nilichukua nyundo na kilo moja ya misumari, nikaenda. Kufika, namkuta nani juu ya paa? Ndugu yangu. Ameshika bati kwa mikono miwili, upepo bado unalivuta, na misumari yake imeanguka kwenye matope. Wapendwa, bati haliwezi kugongewa na mtu mmoja aliyelishika kwa mikono yote miwili. Nilisimama pale chini kama dakika nzima. Kiburi kinaniambia rudi. Akaniangalia, akasema, “Leta msumari.”

Neno la kwanza baada ya miaka miwili lilikuwa “msumari.”

Nikapanda. Tukagongelea mpaka giza likaingia, bila kuzungumzia mpaka. Lakini msinielewe vibaya, hatukupatanishwa na nyundo. Ule msumari ulifungua mdomo tu. Wiki iliyofuata nilienda kwake kwa kupitia geti, mchana, nikamwambia, “Ndugu yangu, nilikukosea. Nilikuaibisha mbele ya wazee.” Ilikuwa ngumu kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kuhubiri. Naye akasema yake. Tuliita wazee tena, tukapima upya, na kila mmoja aliachilia kitu. Krismasi ile mama alichinja jogoo. Mnajua kwetu firigisi, ile imondo, ina mwenyewe, na tangu baba afariki ilikuwa haina amani. Mama aliikata vipande viwili vilivyo sawa, akatupa kila mtu chake, akasema, “Kuleni, mimi nilishashiba.”

Mama sasa amelala. Tulipomzika, mimi na ndugu yangu tulisimama upande mmoja wa kaburi. Kama lile paa lisingeng'oka, sijui tungesimama wapi. Hiyo ndiyo inanitia hofu mpaka leo: kwamba nilingoja upepo unipeleke mahali ambapo Neno la Mungu lilikuwa limeniambia niende zamani. Mathayo 5 inasema ukikumbuka ukiwa madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uache sadaka yako hapo, uende mpatane kwanza.

Sisi watu wa hapa tunajua kukusanyika. Matanga yakitangazwa, mtu atakopa nauli, atasafiri usiku kucha, atalia kwa sauti. Lakini aliyelala kwenye jeneza hasikii tena “nisamehe.” Tukusanyike tungali tunasikizana!

Kwa hiyo nawapa kazi ya wiki hii, kila nyumba.

La kwanza, amka alfajiri kama Ayubu. Andika majina ya watoto wako wote, hata yule asiyepiga simu, hata yule aliyeingia kwenye pombe, hata yule mliyemfukuza. Waombee kwa majina. Kama huna watoto, andika majina ya ndugu zako.

La pili, piga simu. Kuna kijana yuko Nairobi hatakuja Desemba hii, na atasema ni kazi. Sio kazi. Hana nauli, na anaona aibu kufika bila sukari ya kukhu na bila nguo za watoto. Mzazi, mwambie leo: “Njoo hata mikono mitupu. Tunakutaka wewe.” Na sisi tulio nyumbani, akifika tusimuulize ameleta nini kabla hajakalishwa.

La tatu, wanaume, nisikilizeni. Karamu ya Ayubu haikupikwa na malaika. Sikukuu ikifika, wakaza wana wetu huamka usiku kuwasha kuni mbichi ndani ya jiko linalovuja, wapikie watu ishirini, halafu wale mwisho, makoko. Mwaka huu pasua kuni mapema, uzianike kila jua linapotoka. Beba maji. Waliopika wakae mezani na wenzao.

La nne, kuna geti unalolikwepa. Unalijua, na Roho Mtakatifu analijua. Usingoje paa ling'oke. Pitia hapo kabla ya tarehe 25.

Tuombe.

Baba, tunakuletea maboma yetu. Wewe unajua majina yote, hata yale tunayoogopa kuyataja. Walinde walio barabarani na waliolala chini ya mabati usiku huu. Wafariji waliopigwa na dhoruba, na utukomeshe tusiwahukumu. Tupe miguu ya kwenda kwa ndugu zetu wakati bado ni mchana. Katika jina la Yesu Kristo, amina.